WAV, AIFF au FLAC: Unalipia Nini Hasa?

Msanii akimaliza kurekodi, prodyuza humuuliza: "Nikupe faili gani?" Wengi hujibu MP3, itumwe WhatsApp, basi. Wengine wamesikia kwamba WAV ndiyo kali zaidi, kwa hiyo huongeza pesa wapewe WAV bila kujua wamenunua nini. Yupo pia mwenye Mac anayekuta kazi yake imehifadhiwa kama AIFF, akaipeleka kwenye redio ya gari ikakataa kulia, akaamini faili imeharibika. Wote hawa wanatoa pesa, nafasi ya diski au bando kwa kitu ambacho hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kati ya WAV na AIFF hakuna tofauti ya sauti hata chembe. Tofauti iko kwenye mfuko wako, kwenye vifaa vitakavyoisoma faili hiyo, na kwenye uwezekano wa kuikuta ikiwa nzima miaka kumi ijayo.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta hupimwa. Kipaza sauti hutoa umeme unaopanda na kushuka, kifaa huupima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. CD, iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, ilipangwa kuchukua vipimo 44,100 kila sekunde, kila kimoja kwa biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Piga hesabu: 44,100 mara baiti 2 mara pande 2 ni baiti 176,400 kwa sekunde, yaani megabaiti 10.6 kwa dakika. Utaratibu huu wa kuandika kila namba kama ilivyo, bila kuifupisha, huitwa PCM. Aliyeubuni ni mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, mwaka 1937 alipokuwa akifanya kazi Paris, na alichokuwa akikitafuta ni simu zisizo na makelele. Muziki ulikuja kunufaika baadaye sana.

WAV na AIFF ni mifuko miwili ya kubebea namba hizo hizo. AIFF ilitangulia: Apple waliitoa mwaka 1988, wakiijenga juu ya muundo uitwao IFF ambao kampuni ya Electronic Arts iliubuni mwaka 1985. Microsoft na IBM walitoa WAV mwaka 1991, nao wakajenga juu ya wazo lile lile. Kwa hiyo ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukifungua faili ya WAV kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, herufi za kwanza kabisa ni RIFF, kisha WAVE, kisha maelezo mafupi ya kasi ya vipimo na idadi ya biti, halafu neno data, na baada ya hapo ni sauti tupu hadi mwisho. Ukifungua AIFF utakuta FORM, AIFF, COMM na SSND. Maelezo yote hayo ya mwanzo, yaani kichwa cha faili, kwenye WAV ya kawaida ni baiti 44 tu. Kwenye wimbo wa megabaiti 42, hilo si hata tone.

Tofauti ya kweli iliyomo ndani ni mpangilio wa baiti. Chukua namba 1,000. Kompyuta huiandika kwa baiti mbili, 03 na E8. AIFF hutanguliza ile kubwa, 03 E8, kwa sababu chipu za Motorola zilizokuwa ndani ya Macintosh za wakati ule zilisoma hivyo. WAV hutanguliza ndogo, E8 03, kwa sababu chipu za Intel zilisoma hivyo. Namba ni ile ile. Kompyuta ya leo, hata simu ya bei nafuu, hugeuza mpangilio huo bila kutoka jasho.

Anayebisha na afanye jaribio hili nyumbani, maana halina gharama. Pakua Audacity, programu ya bure. Chukua wimbo wowote wa WAV, uhifadhi tena kama AIFF kwa kasi ile ile na biti zile zile. Kabla ya kuhifadhi, ingia kwenye mipangilio uzime kile kinachoitwa dither, kwa kuwa kazi yake ni kuongeza mvumo mdogo wa makusudi, nao utakuharibia jaribio. Sasa leta faili zote mbili kwenye ukurasa mmoja, zianze sehemu moja, kisha moja uigeuze juu chini kwa amri ya kupindua wimbi. Bonyeza cheza. Kama kuna tofauti yoyote kati ya faili hizo mbili, utaisikia tofauti hiyo peke yake. Utakachosikia ni kimya. Ukitaka kuhakikisha zaidi, changanya nyimbo hizo mbili ziwe moja na utazame: mstari ulionyooka, hakuna hata nukta iliyopanda. Mtu akikwambia AIFF ina joto kuliko WAV, mwombe afanye jaribio hili mbele yako.

Kama sauti ni moja, uchague vipi? Anza na mahali faili itakapochezwa. WAV hukubalika karibu kila mahali: Windows, Mac, simu za Android, iPhone, vinasa sauti, meza za sauti za kanisani na msikitini, na redio nyingi za magari zenye tundu la flashi. AIFF iko nyumbani kwenye vifaa vya Apple. GarageBand, kwa mfano, hurekodi kwa AIFF. Lakini AIFF haimo kwenye orodha ya fomati ambazo Android huzisoma yenyewe, na Android ndiyo simu iliyo mikononi mwa watu wengi kwetu. Kuna programu za kuongeza zinazoisoma, ila mteja wako hatazitafuta. Ukimtumia mtangazaji wa redio AIFF na ikagoma kwenye simu yake, atacheza wimbo wa mwingine.

AIFF ina jambo moja ambalo imemshinda ndugu yake, nalo ni kumbukumbu za wimbo: jina, msanii, albamu, mwaka, picha ya jalada. AIFF hubeba vitu hivyo kwa mfumo wa ID3, ule ule wa MP3, na programu nyingi za muziki husoma na kuandika humo bila matatizo. WAV nayo inaweza kubeba, lakini kila mtengenezaji alishika njia yake. Kuna wanaoandika kwenye sehemu iitwayo INFO, kuna wanaoandika ID3, na programu ya tatu haioni hata kimoja. Matokeo yake ni folda yenye faili mia tano zilizoandikwa "Track 01", na hakuna ajuaye ni nani anayeimba. Ndiyo maana maDJ wengi wanaotumia Mac hupendelea AIFF: ubora kamili, na majina yanaonekana kwenye kioo cha mashine. Hapa ongeza jambo moja la kiufundi linalowakwaza maDJ ukumbini. WAV za biti 24 wakati mwingine huandikwa na kichwa cha aina ndefu, ambacho mashine za CDJ za Pioneer zinajulikana kwa kukikataa na kutoa ujumbe wa hitilafu, ingawa sauti iliyomo ni nzima. Dawa ni kuifungua kwenye programu ya kuhariri na kuihifadhi upya kama WAV ya kawaida ya biti 16, au kama AIFF. Mashine za zamani kama CDJ-2000 ya kwanza hazisomi FLAC, fomati ya kubana faili nitakayoieleza mbele. Ilianza kusomwa na CDJ-2000NXS2 ya mwaka 2016. Kabla hujapanga flashi ya kazi, uliza ukumbini kuna mashine gani.

Watu wa redio wana WAV yao, BWF, iliyotolewa na umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya, EBU, katika miaka ya 1990. Jina la faili huishia na .wav vilevile na sauti ni ile ile. Kilichoongezwa ni sehemu ndogo ya kuandika maelezo ya hadi herufi 256, jina la aliyerekodi, tarehe, saa, na muda kamili ambapo sauti ilianza kunaswa, ili mhariri wa video aweze kuioanisha na picha. Vinasa sauti vingi vya kazi huandika BWF vyenyewe bila kukuuliza. Haipaswi kukugharimu kitu.

Tuje kwenye gharama zenyewe. Bei za bando na diski hubadilika na hazifanani Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, kwa hiyo nitahesabu kwa megabaiti na gigabaiti, wewe uzidishe kwa bei ya kwako.

Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa CD, WAV au AIFF, ni megabaiti 42. Ukipandisha hadi biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde, unakuwa megabaiti 69. Ukipanda tena hadi 96,000, ni megabaiti 138. Wimbo huo huo kwa MP3 ya kilobiti 320, ile ya juu kabisa, ni chini ya megabaiti 10. Sasa fikiria albamu ya nyimbo 12 za urefu huo. Ubora wa CD ni megabaiti 508, biti 24 kwa 48,000 ni megabaiti 829, biti 24 kwa 96,000 ni gigabaiti 1.66. Ukiipakia hiyo ya megabaiti 829 kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, utasubiri dakika 55 kama mtandao hautayumba. Ile ya 96,000 itakula karibu saa mbili. Na mtandao ukikatika katikati, baadhi ya huduma zitakurudisha mwanzo, na bando lililotumika halirudi.

Stirio ni nafuu kulinganisha na kurekodi bendi nzima mubashara. Kundi la taarab lenye vipaza sauti 16, kila kimoja kwenye njia yake, kwa biti 24 na 48,000, hula gigabaiti 8.3 kwa saa. Onyesho la saa tatu ni gigabaiti 25. Fanya kwa 96,000 na itakuwa gigabaiti 50 kwa usiku mmoja. Rekodi maonyesho ishirini na terabaiti nzima imejaa, na hapo bado hujaweka nakala ya pili. Ndipo ninapowasihi watu waache kukimbilia namba kubwa. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, tena hilo ni sikio la kijana. Vipimo 44,100 vinatosha kubeba mitetemo hadi 22,050. Kilicho na faida wakati wa kurekodi ni biti 24 badala ya 16. Biti 16 hukupa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, biti 24 hukupa 144 kwa hesabu ya karatasi. Maana yake unaweza kuweka sauti chini kidogo, mwimbaji akipiga ukelele isipasuke, na ukiipandisha baadaye usikute mvumo. Pesa ambayo ungeitumia kwa diski ya kubebea 96,000, nunua diski ya pili ya nakala.

Kuna vinasa sauti vya siku hizi vinavyorekodi kwa biti 32 za aina ya float. Hivyo vinasamehe karibu kosa lolote la kupanga kiwango cha sauti, na kwa mtu anayerekodi harusi peke yake huku akishika kamera vina maana. Vinaongeza theluthi moja ya ukubwa juu ya biti 24. Studio yenye mtu wa kukaa mezani haivihitaji.

WAV ina ukomo ambao wengi huujua siku ya msiba. Ndani ya kile kichwa cha baiti 44, urefu wa faili huandikwa kwa namba ya biti 32, ambayo haiwezi kuvuka gigabaiti 4 na ushei. Kwa stirio ya ubora wa CD, ukomo huo ni kama saa 6 na dakika 45. Kwa biti 24 na 48,000 ni saa 4 na dakika 8. Kwa biti 24 na 96,000 ni saa 2 na dakika 4, muda ambao mkesha, kongamano au semina huupita kirahisi. Kadi za kumbukumbu za hadi gigabaiti 32 nazo huja na mfumo wa FAT32, ambao una ukomo huo huo wa gigabaiti 4 kwa faili. AIFF haikuokoi, maana ina ukomo wa aina hiyo hiyo. Vinasa sauti vizuri hukata faili vyenyewe na kuanza nyingine bila kupoteza neno. Soma kijitabu cha kifaa chako ujue kama chako kinafanya hivyo. Fomati zilizotungwa kuvuka ukomo huu zipo: RF64 ya EBU, W64, na CAF ya Apple iliyokuja mwaka 2005. Zinafanya kazi, lakini si kila programu huzifungua, na ukimpelekea mtu wa nje CAF uwe tayari kupigiwa simu.

Na umeme je? Hapa kuna jambo ambalo kila anayerekodi Afrika Mashariki alijue. Programu ikirekodi WAV, mara nyingi urefu wa faili huandikwa mwishoni, unapobonyeza simamisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa cha faili hubaki kimeandika sifuri. Ukiifungua, kompyuta inakwambia faili ni tupu au imeharibika, na wengi huifuta papo hapo huku machozi yakiwalenga. Usiifute. Itazame ukubwa wake kwanza: kama ni megabaiti mia tatu, sauti imo. Fungua Audacity, nenda kwenye amri ya kuingiza data ghafi, chagua faili hiyo, kisha uieleze kile ambacho kichwa kimeshindwa kueleza: biti 16 au 24, mpangilio wa baiti ndogo kwanza, njia mbili, vipimo 44,100 au 48,000, kama ulivyokuwa umepanga. Ikitoka kelele kama ya redio isiyoshika stesheni, umekosea biti, mpangilio au baiti ya kuanzia kusoma, jaribu tena. Ikitoka sauti ya kasi au nzito kupita kiasi, umekosea vipimo. Ikikaa sawa utasikia mlio mfupi mwanzoni, ambao ni kile kichwa kikichezwa kama sauti, na baada yake kazi yako yote hadi sekunde umeme ulipoondoka. Kwa AIFF utafanya vivyo hivyo, ila utachagua baiti kubwa kwanza. Huu ndio uzuri wa fomati zisizobanwa: ndani yake hakuna fumbo. CAF ilitungwa ikiruhusu urefu uachwe bila kujazwa, kwa hiyo yenyewe husalimika bila tiba hii.

Baada ya kurekodi inakuja kuhifadhi, na hapa ushauri wangu ni tofauti: usihifadhi WAV, hifadhi FLAC. FLAC hubana faili bila kutupa hata namba moja. Ukiifungua unapata vipimo vile vile ulivyoingiza, si vinavyofanana navyo, ni vile vile. Lile jaribio la kimya nalo italifaulu. Ilitolewa mwaka 2001 na Josh Coalson, haina malipo ya leseni, na mwisho wa mwaka 2024 iliandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti. Kwa kawaida hubaki na nusu hadi theluthi mbili ya ukubwa wa WAV. Kwaya tulivu au udi peke yake hubanwa vizuri. Bongo fleva iliyosukumwa hadi dari hubanwa kidogo. Ile albamu ya megabaiti 829 huweza kushuka hadi megabaiti mia tano na kitu, na nafasi unayookoa kwenye diski ya terabaiti moja ni mamia ya gigabaiti.

Lakini nafasi si sababu yangu kubwa. FLAC huandika ndani yake alama ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na sauti yote. Miaka mitano ikipita, unaweza kuiambia programu ikague folda nzima, nayo itakuonyesha faili ipi imeguswa na diski inayokufa. WAV na AIFF hazina kitu kama hicho. Biti ikigeuka, hakuna wa kukuambia. Utaisikia kama mlio wa ghafla katikati ya ubeti siku unayoihitaji. Pia FLAC hubeba majina na jalada bila ugomvi, Windows huisoma yenyewe tangu Windows 10, na Android huisoma tangu zamani. Kasoro zake ni chache: haipokei zile biti 32 za float, na baadhi ya mashine za kale haziijui. Wenye vifaa vya Apple tupu wana ALAC, iliyokuja mwaka 2004 na kufunguliwa kwa wote mwaka 2011. Inafanya kazi ile ile, na Apple Music hutumia hiyo kwa muziki wake usiopoteza ubora tangu 2021.

Nyaraka za taifa ni suala jingine. Anayehamisha kanda za zamani, za redio, za vikundi vya muziki wa dansi, za wazee wakisimulia, afuate mwongozo wa IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti: BWF, biti 24, vipimo 96,000 kwa sekunde, na kwa vyovyote visishuke chini ya 48,000. Gigabaiti 2 kwa saa ni nyingi, lakini kanda inayooza huenda isikubali kuchezwa mara ya pili, na mtafiti wa kesho huenda akatumia hata mvumo wa kanda kurekebisha kasi yake. Hapo sibani matumizi.

Sasa tuzungumzie wauzaji. Kwenye soko la midundo, wimbo usio na maneno huuzwa kwa bei tatu: MP3 bei ya chini, WAV bei ya kati, na vipande vyote vya ala kwa bei ya juu. Kugeuza mdundo kuwa WAV kunachukua sekunde kadhaa na hakumgharimu prodyuza kitu. Unacholipia kwenye bei ya kati mara nyingi ni haki pana zaidi za kutumia kazi hiyo, kwa hiyo soma mkataba, usitazame jina la fomati peke yake. Vipande vya ala ndivyo vyenye thamani ya kweli, kwa sababu ukiwa navyo unaweza kuchanganya upya, kutoa toleo la moja kwa moja, au kumpa prodyuza mwingine. Na kwa wimbo uliourekodi wewe, kwa sauti yako na pesa yako, naona si haki kutozwa nyongeza kwa WAV. WAV ndiyo kazi yenyewe uliyoilipia. MP3 ni nakala yake iliyopunguzwa.

Kuna pia WAV za uongo. Mtu anachukua MP3, pengine ameitoa YouTube, anaihifadhi kama WAV, faili inavimba mara kumi, naye anaiuza kama ubora wa studio. Kilichotupwa na MP3 hakirudi. Kumkamata ni rahisi. Fungua faili kwenye Audacity na ubadilishe mwonekano uwe ule wa rangi unaoonyesha mitetemo, uitwao spektrogramu. Wimbo wa kweli wenye matoazi na kayamba huonyesha rangi zikipanda hadi karibu na 20,000 au zaidi, zikififia polepole. Uliotoka kwenye MP3 ya kilobiti 128 hukatika ghafla karibu na 16,000, kama umekatwa kwa rula. Rekodi ya zamani ya kanda nayo inaweza kukosa mitetemo ya juu, lakini yenyewe hufifia, haikatiki. Fanya ukaguzi huu kabla ya kutuma pesa.

Ukipeleka kazi kwa wasambazaji wa muziki mtandaoni, peleka WAV au FLAC, wao watatengeneza nakala za kila huduma. Bandcamp hupokea WAV, AIFF na FLAC, kisha mnunuzi huchagua mwenyewe anachotaka kupakua. Kazi ya televisheni na video iwe vipimo 48,000. Usipandishe wimbo uliorekodiwa kwa 44,100 kuwa 96,000 kwa matumaini ya kuuongezea ubora. Utaongeza uzito tu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, ambapo faili ya hadi gigabaiti 2 hupita bila kuguswa. Na kama msikilizaji wako atatumia spika ya Bluetooth, jua kwamba Bluetooth ya kawaida hubana sauti upya njiani. Kwa huyo, MP3 nzuri inatosha na bando lake litapona.

Kwa hiyo mimi, ningeulizwa leo, ningesema hivi. Rekodi WAV ya biti 24 kwa 48,000. Wape wateja, redio na wasambazaji WAV. Hifadhi FLAC kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na kazi iliyorekodiwa kwa float ndiyo pekee ibaki WAV. AIFF waachie maDJ na wenye Mac wanaotaka majina yaonekane. Na kabla hujalipa studio, andikianeni kwamba siku ya kukabidhiana kazi utaondoka na masta ya WAV pamoja na vipande vyote vya ala, ukaguzi ufanyike pale pale kwenye kompyuta yao, ndipo salio litoke.